Tezi Zilizovimba kwa Mwenye Lupasi au Baridi Yabisi: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Anayeishi na lupasi au baridi yabisi huzoea maumivu yanayokuja na kuondoka, hata uvimbe mdogo chini ya taya au kwapani usimshtue. Akifika kliniki huenda akaambiwa ni ugonjwa wake uleule umeamka, akaongezewa predinisoloni na kurudi nyumbani. Mara nyingi maelezo hayo huwa sahihi. Ila Mbulu na Hanang si mahali pa kubahatisha jambo hili. Katika wilaya hizi mbili za Manyara, tezi iliyovimba inaweza kutokana na kifua kikuu cha binadamu au cha ng'ombe, brusela, VVU, saratani ya tezi, au hata tauni, iliyowahi kuzuka Mbulu mwaka 2007. Na kati ya hayo, yapo yanayopata nguvu kwa kidonge kilekile ambacho mgonjwa ameongezewa.

Kwa hiyo makala haya yana ombi moja kwa mgonjwa, kwa ndugu anayemsindikiza, na hata kwa mhudumu wa zahanati: dozi ya steroidi, kama hiyo predinisoloni, isiongezwe kwa sababu ya tezi ambayo haijapimwa.

Tezi zipi hizi

Tunazungumzia tezi za limfu. Zimo mwilini kwa mamia: shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, upande wa ndani wa kiwiko, kinenani, na nyingine ndani kabisa ya kifua na tumbo. Ni kama vizuizi vya barabarani: majimaji yanayotoka sehemu za mwili hupita hapo yakakaguliwa, na kinachotiliwa shaka hukutana na chembe za kinga. Kila tezi ina eneo lake. Jino bovu huvimbisha tezi ya chini ya taya, mapunye ya kichwani huvimbisha za nyuma ya shingo, na kidonda cha mguu huleta mtoki kinenani. Basi kabla ya kuwaza makubwa, kagua kwanza eneo la tezi hiyo. Mchungaji aliyechomwa na mwiba huko Yaeda Chini na sasa ana mtoki unaouma anahitaji mguu wake uangaliwe kabla ya jambo jingine lolote.

Uvimbe ulio mbele ya koo, unaopanda na kushuka unapomeza mate, ni rovu. Huo una njia yake ya uchunguzi, nasi hatutauzungumzia hapa.

Ugonjwa wenyewe unapovimbisha tezi

Lupasi, baridi yabisi na ndugu zake ni magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Baridi yabisi ninayoisema hapa si kila maumivu ya magoti ya uzeeni. Ni ile inayovimbisha viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili, na kumfanya mtu aamke amekakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla mikono haijafunguka.

Kwa kuwa kinga haipumziki, tezi nazo hazipumziki. Karibu nusu ya wagonjwa wa lupasi huvimba tezi wakati mmoja au mwingine, hasa ugonjwa unapoanza au unapoamka. Tezi hizo kwa kawaida ni laini, huteleza chini ya kidole, haziumi sana, hazizidi sentimita 2, na huonekana sehemu zaidi ya moja, shingoni na kwapani kwa mfano. Pia huandamana na dalili nyingine: upele wa mashavuni unaochochewa na jua, vidonda mdomoni, nywele kukatika, viungo kuuma, mkojo wenye povu. Kwa baridi yabisi, tezi za kwapani na za kiwiko huvimba pale vidole vinapokuwa vimewaka. Ugonjwa wa Still kwa watu wazima huleta tezi pamoja na homa inayopanda kila siku, koo kuuma, na upele wa rangi ya waridi unaotokea na homa kisha ukapotea nayo. Ugonjwa wa Sjögren hukausha macho na mdomo na kuvimbisha tezi za mate zilizo mbele ya masikio, na mgonjwa akadhaniwa ana matubwitubwi yasiyoisha.

Upo pia ugonjwa wa Kikuchi, ulioelezwa Japani mwaka 1972. Huvimbisha tezi za shingo kwa homa na maumivu, huwapata zaidi wanawake vijana, na wakati mwingine huandamana na lupasi. Kwa kawaida hupona wenyewe. Nautaja kwa sababu ukiutazama kwa macho tu unafanana mno na kifua kikuu cha tezi, na wapo wagonjwa duniani waliomezeshwa dawa za TB bure.

Tezi za ugonjwa wenyewe hufuata mwenendo wa ugonjwa. Viungo vikitulia kwa dawa, nazo hunywea katika majuma yanayofuata. Hapo ndipo penye alama ninayoiamini kuliko nyingine zote, nayo haihitaji mashine: viungo vimepoa, upele umekwisha, lakini tezi inazidi kukua. Mgonjwa wa namna hiyo asirudishwe nyumbani na dawa zilezile.

Zipo alama nyingine za kumwambia daktari bila kungoja aulize. Tezi moja inakua peke yake wakati nyingine zimelala. Ni ngumu, au imeshikamana na nyama ya chini, haitelezi. Imezidi sentimita 2, au imezidi wiki 4 bila kupungua. Imetokea juu tu ya mfupa wa mtulinga, mahali ambapo uvimbe hata mdogo haupuuzwi. Usiku unatoka jasho la kulowesha shuka, na hilo si la kawaida kwa baridi ya Mbulu. Nguo zimelegea, mkanda umeongezwa tundu, na hukufunga kula.

Kifua kikuu, mtuhumiwa wa kwanza

Watu wengi wakisikia TB huwaza kikohozi. TB ya tezi mara nyingi haina kikohozi kabisa. Huanza taratibu kama uvimbe usiouma, kwa kawaida upande mmoja wa shingo. Baadaye tezi jirani huvimba zikagandamana kuwa fungu, ngozi ya juu hubadilika rangi, hutumbuka, usaha hutoka, na kidonda kikakataa kufunga. Kwa kuwa mgonjwa hakohoi wala hajalala kitandani, miezi hupita. Wengine huchanjwa chale juu ya uvimbe, wengine hupakwa dawa za majani, na bakteria wanaendelea na kazi yao.

Ukanda huu una historia yake. Manyara ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, na wenye tezi shingoni walikuwa miongoni mwa wagonjwa waliowavutia watafiti kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ilichapisha taarifa kwamba bakteria wa TB ya ng'ombe walipatikana katika tezi za shingo za Watanzania. Mwaka 2004 ukafuata utafiti uliofanywa Arusha, nao ukakuta bakteria hao kwa baadhi ya wagonjwa wa tezi, pamoja na jamii nyingine za bakteria wa ukoo wa TB wanaoishi kwenye maji na udongo. Maana yake kwa familia ya Kiiraqw ya Dongobesh au ya Kibarabaig ya Basotu ni kwamba tezi ya shingo inaweza kuwa imetoka kwenye kibuyu cha maziwa.

Sasa mchanganye mtu huyo na dawa za baridi yabisi. Predinisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa siku, yaani vidonge vitatu vya miligramu 5, ikitumiwa mwezi mmoja au zaidi, huongeza waziwazi uwezekano wa TB iliyolala mwilini kuamka. Methotreksati, azathiopurini na dawa nyingine za kupunguza kinga nazo zina mchango wake. Halafu steroidi ina hila: huweza kunywesha tezi kwa siku za mwanzo, homa ikashuka, hamu ya kula ikarudi, kila mtu akafurahi. TB ikiwa ndiyo iliyoko ndani, furaha hiyo ni ya muda mfupi, na ugonjwa unaporudi huenda umeshafika kwenye uti wa mgongo au ubongo. Saratani ya tezi nayo hunywea kwa steroidi, na kipande kikikatwa baada ya hapo jibu linaweza kuwa gumu kusomeka.

Yapo pia mambo yanayokwenda kinyume. TB yenyewe inaweza kuvimbisha viungo bila bakteria kuwemo ndani ya viungo hivyo, hali iliyoelezwa na daktari Mfaransa Antonin Poncet mwaka 1897. Mtu ana tezi shingoni na vifundo vimevimba, anapimwa damu, karatasi inarudi na kipimo cha baridi yabisi kikiwa chanya. Je, ana baridi yabisi? Si lazima. Kipimo hicho huweza kuwa chanya kwa TB na kwa maambukizi mengine ya muda mrefu. Karatasi ya maabara pekee isitoshe kukupa ugonjwa wa maisha.

Brusela, homa inayojifanya baridi yabisi

Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, mtu akamsaidia kwa mikono mitupu, au familia ikanywa maziwa yake mabichi, brusela hupata njia. Dalili zake ni homa zinazokuja na kuondoka, jasho, uchovu usioelezeka, mgongo na nyonga kuuma, magoti kuvimba, na kwa baadhi ya watu tezi kuvimba pia. Ukimsimulia mtu dalili hizo bila kutaja mifugo, atakuambia ni baridi yabisi au malaria.

Kosa la malaria tunalijua kwa takwimu. Katika utafiti wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, uliofanyika kati ya 2007 na 2008, zaidi ya nusu walikuwa wamehesabiwa na waganga kuwa wana malaria. Vipimo makini vilionyesha malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa chini ya watu 2 katika kila 100. Kwa wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, robo walikutwa nayo. Moshi si Mbulu, lakini mtu anayelala jirani na zizi ana haki ya kuuliza swali hilohilo.

Vipimo vya haraka vya brusela navyo visiaminiwe kupita kiasi. Nchini Kenya kimoja kilichokuwa kikitumika sana vituoni kilichunguzwa, kikaonekana kuwapa wagonjwa wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Ukiambiwa una brusela, uliza kama kuna kipimo cha kuthibitisha. Kuna sababu nyingine ya kutofanya haraka: tiba ya brusela huchukua wiki 6, na mojawapo ya dawa zake inaweza kuwa rifampisini, ambayo pia ni dawa ya TB. Ukipewa hiyo huku tezi yako ina TB ambayo haijatambuliwa, utapata nafuu ya nusunusu na TB itajifunza kuizoea dawa.

Tauni haingoji rufaa

Hii ni fupi kwa sababu nayo huenda haraka. Homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, mwili kuishiwa nguvu, na ndani ya siku moja au mbili mtoki mkubwa wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Lupasi haivimbishi tezi namna hiyo. Kama panya wamekuwa wakifa ovyo nyumbani au ghalani, liseme hilo kwanza kabla ya jina lako. Tauni hutibika vizuri kwa dawa za kawaida kama streptomisini, jentamaisini au doksisaiklini zikianza mapema. Zikichelewa, huua.

Saratani ya tezi

Baridi yabisi iliyokaa miaka mingi bila kudhibitiwa huongeza uwezekano wa saratani ya tezi, kwa makadirio ya jumla mara mbili ya mtu wa kawaida. Kwa Sjögren uwezekano ni mkubwa zaidi. Hata hivyo wengi wa wagonjwa hawa hawataipata kamwe, na mtu asiache dawa kwa hofu hiyo, kwa kuwa mwako wa ugonjwa usiotibiwa ndio unaobeba sehemu kubwa ya hatari.

Jambo moja linalowahusu wanaotumia methotreksati lijulikane: kwa wachache, dawa hiyo yenyewe huchochea tezi kukua kwa namna inayofanana na saratani, na kwa baadhi yao tezi hunywea dawa inaposimamishwa. Anayeamua kuisimamisha ni daktari. Na kwa kuwa tumeigusa: methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa. Kuimeza kila siku kumeua watu. Andika siku yako kwenye boksi la dawa, iwe Jumapili au siku ya mnada.

VVU navyo huvimbisha tezi mwili mzima, huleta upele na maumivu ya viungo. Kipimo ni bure, majibu ni siku hiyohiyo, na kuwa na lupasi hakumkingi mtu. Kwa vyovyote kipimo hiki kiwe cha kwanza kwenye orodha.

Ukienda hospitali

Mbulu ina hospitali ya wilaya mjini na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Hanang ina Hospitali ya Tumaini pale Katesh, kando ya barabara kuu ya Babati hadi Singida. Anzia karibu na kwako, lakini usiridhike na zahanati ikiwa tezi ina alama tulizotaja. Madaktari bingwa wa magonjwa haya ya viungo ni wachache mno nchini, na wengi wenye lupasi huku walipewa jina la ugonjwa wao mbali, KCMC Moshi, Dodoma au Muhimbili. Kwa hiyo mhudumu atakayekuona huenda hajui historia yako. Nenda na karatasi zote, maboksi ya dawa unazomeza, pamoja na za asili. Zipo dawa za kuuzwa mikononi, zinazoitwa za asili, ambazo sehemu mbalimbali duniani zimekutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Kama uso umeanza kuwa wa mviringo na dawa yako ya mitishamba inaondoa maumivu kwa saa chache, ipeleke nayo ikaangaliwe.

Ukiingia, sema mambo mawili katika sentensi moja: "Daktari, nina lupasi na natumia predinisoloni, na nyumbani tunafuga ng'ombe na kunywa maziwa." Kila nusu ya sentensi hiyo inabadilisha maana ya tezi. Kama unampeleka bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatoga tu, aende na mtu mzima wa kumtafsiria, si mjukuu mdogo. Masuala ya jasho la usiku, mtoki wa kinena na VVU hayatafsiriwi vizuri na mtoto wa darasa la nne.

Daktari atakupapasa shingo, kwapa, kinena na tumbo kutafuta bandama. Ataagiza picha ya damu, kipimo cha mkojo, pengine picha ya eksirei ya kifua na altrasaundi. Kipimo cha kasi ya damu kutuama kitapanda kwa lupasi, kwa TB na kwa saratani vilevile, kwa hiyo hakiamui kesi. Kinachoamua ni kilichomo ndani ya tezi.

Njia ya kwanza ni sindano nyembamba ya kunyonya majimaji na chembe. Uchungu wake ni kama wa kuchomwa sindano yoyote. Sehemu ya kilichotoka hutazamwa kwa hadubini, na sehemu huingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu la TB kwa saa kama mbili na kueleza pia kama bakteria wamezoea rifampisini. Likija chanya, jibu lipo. Likija hasi, TB haijafutwa, kwa sababu bakteria kwenye tezi huwa wachache. Mashine hiyo pia haitofautishi TB ya ng'ombe na ya binadamu, ndiyo maana taarifa ya maziwa lazima itoke kwako.

Sindano isipotoa jibu, hukatwa tezi nzima au kipande chake. Ni upasuaji mdogo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu. Hapa pana kosa dogo linalogharimu wiki nyingi: kipande chote hutumbukizwa kwenye fomalini. Fomalini huhifadhi nyama kwa ajili ya hadubini, lakini huua bakteria, na hakuna tena cha kuotesha. Muulize daktari kabla ya kukatwa kama kipande kitagawanywa, kimoja kwenye fomalini na kingine kwenye kichupa safi bila fomalini kwa ajili ya TB. Hatakasirika. Kipande cha hadubini mara nyingi husafirishwa hospitali kubwa, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana, au namba ya jirani anayekaa penye mtandao, na uliza tarehe ya kurudi. Majibu yaliyosahaulika kabatini hayamsaidii mtu.

Wakati huo wa kungoja, dawa zako zinaendelea kama ulivyoandikiwa. Aliyetumia predinisoloni kwa wiki kadhaa asiikate ghafla kwa hofu ya TB. Mwili uliozoea kidonge huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha mara moja kunaweza kumwangusha mtu kwa kutapika, kuishiwa nguvu na presha kushuka. Kupunguza ni kwa ngazi, tena kwa maelekezo.

Ikithibitika ni TB ya tezi

Dawa ni bure chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, uliopo tangu mwaka 1977. Kwa kawaida tiba ni miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, minne ya dawa mbili. TB ya ng'ombe haisikii mojawapo ya dawa hizo nne, pirazinamidi, na ikijulikana ndiyo iliyopo daktari huweza kurefusha tiba. Mwenye TB ya tezi pekee, mapafu yakiwa salama, haambukizi kwa kupumua. Hakuna haja ya kumtengea kikombe wala kumlaza peke yake.

Kwa mwenye lupasi au baridi yabisi, dawa za TB zina mwingiliano ambao kitengo cha TB na kliniki ya viungo lazima viuzungumzie pamoja. Rifampisini huharakisha ini kuondoa predinisoloni mwilini, kiasi kwamba dozi iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Mgonjwa akiwaka viungo wiki ya pili au ya tatu ya dawa za TB, huenda si TB iliyoshindikana bali predinisoloni iliyopungua nguvu. Rifampisini huharibu pia kazi ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo zito kwa mwanamke anayetumia methotreksati, ambayo hudhuru mimba. Rifampisini pia hugeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa; hiyo si damu. Pirazinamidi hupandisha tindikali ya yuriki na kuumiza viungo. Isoniazidi, kwa nadra, huleta dalili za lupasi kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Ethambutoli huweza kugusa macho, na haidroksiklorokwini ya lupasi nayo hudai macho yapimwe, kwa hiyo anayetumia zote mbili aseme mapema akianza kuona rangi zimefifia.

Maziwa, zizi na mikono

Mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga asinywe maziwa mabichi. Najua ladha inayodaiwa kupotea. Najua pia kwamba mgeni hukaribishwa kwa kibuyu, na kukataa ni adabu mbaya. Mwenyeji akielezwa kwamba ni sharti la dawa, atachemsha. Chemsha hadi yapande na kutokota, ndipo ugandishe ukipenda mtindi. Maziwa mgando yaliyotokana na maziwa mabichi hayaaminiki, kwa kuwa uchachu hauui bakteria wa TB na brusela kwa uhakika. Damu mbichi iachwe. Ng'ombe anapozaa au kutupa mimba, anayetumia dawa hizi akae mbali, na atakayesaidia avae glovu au angalau mifuko ya plastiki mikononi, kondo lizikwe mbali na mbwa. Mnyama anayekonda na kukohoa aonwe na mtaalamu wa mifugo wa kata kabla hajapelekwa mnadani. Nyumba ambamo ndama hulala usiku iwe na dirisha linalofunguka, au ndama wahamishwe.

Tezi inapokua katikati ya dawa

Mwezi wa pili au wa tatu wa tiba ya TB, tezi inaweza kuvimba zaidi ya ilivyokuwa, mpya ikajitokeza, nyingine ikatumbuka. Wengi hukimbia dawa hapa wakiamini hazifanyi kazi. Mara nyingi ni kinga iliyopata nguvu ikipambana na mabaki ya bakteria waliokufa. Rudi kituoni uonwe, dawa zikiendelea. Daktari atataka kujua kama umemeza kila siku, na kama majibu ya awali yalionyesha bakteria wanaosikia rifampisini. Akiridhika kwamba yote yako sawa, hakuna dawa ya kuongezwa kwa haraka. Hata baada ya miezi 6, kinundu kigumu kidogo kinaweza kubaki shingoni kwa muda mrefu bila kuwa na ugonjwa ndani yake. Kipimwe kwa rula siku ya mwisho ya tiba, kiandikwe kwa milimita kwenye kadi, na kitazamwe tena baada ya miezi mitatu. Kikiwa kilekile au kimepungua, kinaachwa. Kikiwa kimekua, kinakatwa na kupimwa upya, na safari hii kichupa kisicho na fomalini kiandaliwe mapema.